Mwenye Chujio: Kutoka Malimau ya Sicily hadi Molasi ya Kisumu

Kila mwaka, katika mhadhara wa kwanza wa kozi yangu ya historia ya uchumi, huwaomba wanafunzi waliokuja na soda darasani wasome maandishi madogo yaliyo kwenye chupa. Karibu kila mara yupo atakayekuta asidi ya sitriki, au alama yake, E330. Huwauliza: asidi hii imetoka wapi? Jibu huja kwa sauti moja: kwenye limau.

Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa zaidi ya miaka mia moja. Leo si sahihi. Asidi ya sitriki inayouzwa duniani, zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, karibu yote hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus niger, ile inayoonekana kama vumbi jeusi kwenye maganda ya vitunguu vilivyokaa. Kuvu hiyo hulishwa sukari, molasi au wanga uliovunjwa, ndani ya matangi makubwa, na sehemu kubwa ya matangi hayo iko China.

Wanafunzi huistaajabia kuvu. Mimi nimekuwa nikijaribu, bila mafanikio makubwa, kuwafanya wastaajabie chujio. Kuchachusha ni nusu nyepesi ya kazi. Bibi anayegandisha maziwa kwenye kibuyu, mgema aliyeko juu ya mnazi na mama anayepika gongo kando ya mto wote ni mafundi wa uchachushaji, tena mafundi hodari. Lakini kinachotoka kwenye chombo cha kuchachushia ni mchanganyiko: maji mengi, mabaki ya sukari, chumvi, rangi, protini, miili ya vijidudu vilivyokufa, na mahali fulani humo ndani kile kitu kimoja unachokitaka. Kukitoa humo kikiwa safi kiasi cha kuuzika kwa mtengeneza dawa au mtengeneza vinywaji ndiko kunakokula fedha. Katika bidhaa nyingi za aina hii gharama ya kutenga na kusafisha hukaribia nusu ya gharama zote, na wakati mwingine huizidi. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba huko kunakokula fedha ndiko pia kunakokaa mamlaka, na kwamba historia ya asidi ya limau inalionyesha jambo hilo waziwazi kuliko historia ya bidhaa nyingine yoyote ninayoifahamu.

Tuanze na mfamasia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele. Mwaka 1780 alitenga asidi ya laktiki kutoka katika maziwa yaliyochacha. Mwaka 1784 aliigeukia juisi ya limau. Wenzake walikwishajaribu kuichemsha juisi hiyo hadi ikauke, wakaishia na uji mzito wa kahawia usiotoa fuwele hata moja. Scheele alifanya jambo la werevu: badala ya kuondoa uchafu kwenye asidi, aliiondoa asidi kwenye uchafu. Alitia chokaa katika juisi ya moto. Asidi ikashikana na chokaa, ikawa sitrati ya kalsiamu, unga mweupe usioyeyuka katika maji moto. Unga ukazama, sukari, utomvu na rangi vikabaki juu, vikamwagwa. Akauosha unga ule, kisha akautilia asidi ya salfuriki. Sasa chokaa ikaiacha asidi ya limau na kushikana na salfuriki, ikawa jasi, nayo ikazama. Kilichobaki juu kilikuwa maji yenye asidi ya sitriki iliyo karibu safi. Alipoyapunguza maji hayo kwa moto na kuyaacha yapoe, fuwele zikaota.

Ningependa msomaji akae kidogo na utaratibu huu, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinautegemea. Mpika gongo ana bahati ambayo msafishaji wa asidi hana. Pombe ni nyepesi. Ukiichemsha hupanda kama mvuke kabla ya maji mengi, ukaipitisha kwenye bomba lililopozwa na kuikinga upande wa pili. Hata hivyo, bahati hiyo nayo ina mwisho wake. Kwa kuchemsha na kukinga peke yake huwezi kuvuka takriban asilimia 96, na ndiyo maana spiriti ya kuchanganya na petroli hudai hatua nyingine ya kuikausha. Asidi ya sitriki haipandi kama mvuke kabisa. Ukiichemsha sana inaungua na kuharibika. Hakuna bomba la kuikinga. Hapa pana chokaa, chujio na subira.

Mwaka 1795 Jeshi la Majini la Uingereza lilianza kuwapa mabaharia juisi ya limau ili kuzuia kiseyeye, na biashara ya malimau ya Sicily ikapata mteja asiyeshiba. Mwaka 1826 John na Edmund Sturge walianza kutengeneza asidi ya sitriki kwa biashara nchini Uingereza wakitumia juisi kutoka Italia. (Edmund huyohuyo alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za Waingereza za kupinga utumwa; historia ina mizaha yake.) Miaka ilivyosonga, watu wa Sicily na Calabria waliacha kusafirisha juisi peke yake, ambayo ni nzito, ni nafuu na huoza. Walijifunza hatua ya kwanza ya Scheele: walikamua, wakatia chokaa, wakachuja, wakakausha, wakapakia sitrati ya kalsiamu melini. Hatua ya pili, ile ya salfuriki na fuwele, ilifanyika kwa sehemu kubwa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Marekani.

Kwa lugha ya leo tungesema Sicily "iliongeza thamani". Ndivyo inavyoandikwa katika mipango yetu ya maendeleo, na anayesoma taarifa za wizara ataitambua furaha inayoambatana na maneno hayo. Kisiwa hakikuwa kikiuza tunda tena. Kilikuwa kikiuza kemikali. Mashamba ya milimau yaliyozunguka Palermo yalikuwa miongoni mwa ardhi zenye faida kubwa kabisa barani Ulaya, kiasi kwamba baadhi ya wanahistoria wa uchumi wamehusisha kukua kwa mafia na haja ya kuyalinda mashamba hayo. Karibu dunia nzima iliitegemea Italia kwa sitrati. Mwaka 1908 serikali ya Italia iliunda mjini Messina chombo maalumu, Camera Agrumaria, cha kusimamia uuzaji wa sitrati na kulinda bei. Desemba ya mwaka huohuo tetemeko la ardhi likaiangusha Messina na kuua makumi ya maelfu ya watu, lakini mfumo wa sitrati ulinusurika. Kiwanda kikubwa cha kusafisha hadi fuwele nacho kilikuja hatimaye, eneo la Arenella, Palermo, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mtaji wake ulikuwa wa Kijerumani.

Afrika Mashariki tunayo picha ndogo ya mpangilio huohuo. Mwaka 1965 Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli. Wapikaji wa enguli vijijini walitakiwa wawe na leseni, na pombe yao waiuze kwa kampuni moja, ambayo iliisafisha upya, ikaitia kwenye chupa na kuiita Uganda Waragi. Mpikaji alibaki na moto, kuni, ndizi na hatari ya kukamatwa. Jina, chupa na bei vilikaa upande wa pili wa mtambo wa kusafishia. Sisemi kwamba usafishaji ule haukuwa na haja, maana enguli mbaya hupofusha na kuua. Nasema tu kwamba sheria ilijua mahali pa kusimama.

Turudi kwenye limau. Mwaka 1893 Mjerumani Carl Wehmer aligundua kwamba kuvu fulani hutoa asidi ya sitriki zikilishwa sukari. Jaribio la kuugeuza ugunduzi huo kuwa kiwanda lilishindwa: uchachushaji ulichukua muda mrefu na vijidudu vingine viliingia na kuharibu kazi. Ilibidi kusubiri hadi James Currie, mwanakemia wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, aonyeshe katika makala yake ya mwaka 1917 kwamba Aspergillus niger hustahimili uchachu mkali sana, uchachu unaowafukuza wavamizi wengine. Sharti lililoonekana kuwa kikwazo likawa ulinzi.

Mwaka huohuo Currie aliajiriwa na kampuni ya Pfizer ya Brooklyn, New York. Kwa nini Pfizer? Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi waweke kalamu chini. Pfizer, iliyoanzishwa mwaka 1849 na wahamiaji wawili wa Kijerumani, ilikuwa ikisafisha asidi ya sitriki tangu mwaka 1880. Malighafi yake ilitoka Italia. Vita vilipovuruga usafiri wa meli, ilijikuta na mitambo, wateja na mafundi, lakini haina uhakika wa sitrati. Kufikia mwaka 1919 ilikuwa ikitengeneza asidi kutokana na sukari, katika sinia pana zisizo na kina, kuvu ikielea juu kama shuka nyeupe.

Sasa tazama kilichotokea baada ya sinia. Maji ya uchachu yalichujwa, yakatiwa chokaa, sitrati ikazama, ikaoshwa, ikatiwa asidi ya salfuriki, jasi ikachujwa, fuwele zikaota. Ni Scheele yuleyule wa mwaka 1784! Kuanzia hatua ya chokaa kwenda mbele, karibu kila kitu alichohitaji msafishaji kilikwishakuwapo. Kilichobadilika ni mlango wa mbele tu: palipoingia limau pakaingia kuvu. Aliyemiliki usafishaji aliweza kubadilisha chanzo. Aliyemiliki chanzo hakuwa na cha kubadilisha. Mlimau huchukua miaka kukua, hauhami, na hauwezi kugeuzwa kuwa kitu kingine kwa sababu mtu wa Brooklyn ameajiri mwanakemia.

Pfizer haikuutangaza utaratibu wake. Iliuficha ndani ya kuta zake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 Marekani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, karibu haikuihitaji tena sitrati ya Italia. Kampuni ya Sturge nayo, baada ya karne nzima ya kusafisha asidi ya limau, ilihamia kwenye kuvu, katika mji wa York. Haikufa kwa sababu nayo ilikuwa na chujio. Camera Agrumaria ililinda bei kwa bidii hadi palipokuwa hapana tena cha kulinda. Na niseme wazi kwamba wakuu wake hawakuwa wajinga. Waliidhibiti bidhaa waliyokuwa nayo, kama tulivyofanya sisi na katani. Kosa lao, kama ni kosa, ni kuamini kwamba mnunuzi anahitaji limau, ilhali mnunuzi alihitaji fuwele.

Ujuzi wa kusafisha una tabia nyingine ambayo wachumi wetu huisahau: huhama kutoka bidhaa moja hadi nyingine. Alexander Fleming aliiona penisilini mwaka 1928 jijini London, lakini jitihada za kuisafisha katika maabara yake hazikufika mbali, na kwa zaidi ya miaka kumi ikabaki kama juisi ya ukungu isiyotulia. Katika Chuo Kikuu cha Oxford, ndani ya kundi la Howard Florey na Ernst Chain, Norman Heatley ndiye aliyependekeza njia iliyofanya kazi: maji ya ukungu yapozwe na kutiwa uchachu, penisilini ihamie kwenye etha, kisha irudishwe kwenye maji mapya yasiyo na uchachu. Walitumia chupa, madumu ya maziwa na hata beseni la kuogea. Februari 1941 walimtibu polisi aitwaye Albert Alexander. Dawa ilikuwa adimu kiasi kwamba mkojo wake ulikusanywa, ukapelekwa maabara, penisilini iliyokuwamo ikatengwa na kudungwa tena. Alianza kupona, dawa ikaisha, akafariki Machi 15. Hakukosa ugunduzi. Alikosa gramu chache zilizosafishwa. Baadaye kampuni za Marekani zilipoombwa kuzalisha kwa wingi, Pfizer ilikuja na uzoefu wake wa kuchachusha na kusafisha asidi, na kiwanda chake cha Brooklyn cha mwaka 1944 kilitoa sehemu kubwa ya penisilini iliyokwenda na majeshi Normandy. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945 ilikwenda kwa Fleming, Florey na Chain. Heatley, mtu wa chujio, hakuwamo.

Na sisi? Sisi tulijaribu, na jaribio letu halisimuliwi vya kutosha. Miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, Kenya ilitazama molasi ya viwanda vya sukari vya magharibi na kuona ndani yake petroli. Kampuni ya Kenya Chemical and Food Corporation, ubia wa serikali na wawekezaji kutoka nje, ilianza kujenga kiwanda Kisumu. Mpango haukuishia kwenye spiriti ya magari. Kiwanda kilitarajiwa kutoa pia hamira, siki na, ndiyo, asidi ya sitriki. Mtu aliyesoma historia ya Brooklyn angeweza kushangilia: hatimaye kuna Mwafrika aliyeamua kuanza na chujio.

Lakini chujio lilinunuliwa kama samani. Kila bidhaa katika orodha ile ilikuwa na njia yake ya kusafishwa: spiriti kwa minara ya mvuke, hamira kwa mashine za kuzungusha na kukausha, asidi kwa chokaa na salfuriki. Molasi yenyewe lazima isafishwe kabla haijaliwa na kuvu, kwa kuwa madini yake, chuma na manganizi hasa, huifanya kuvu inenepe badala ya kutoa asidi. Vyote hivyo viliagizwa kwa pamoja, kutoka nje, na watu ambao hawakuwa wamewahi kuendesha hata kimoja. Gharama zilipanda, madeni yakaiva, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ujenzi ulisimama kabla kiwanda hakijakamilika.

Marehemu Profesa Calestous Juma, Mkenya aliyefanya utafiti wake wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Sussex miaka ya 1980, alilinganisha mradi wa Kisumu na ule wa Triangle, Zimbabwe. Triangle, iliyoanza kazi mwaka 1980, ilitengeneza kitu kimoja tu: spiriti, takriban lita milioni 40 kwa mwaka. Mafundi wa mashamba yale ya miwa waliunda sehemu kubwa ya mitambo nchini, wakaagiza vile vipande tu wasivyoweza kuvitengeneza. Walioijenga minara ndio waliojua kuitengeneza ilipoharibika. Tusisahau pia kwamba mradi ule ulizaliwa katika miaka ya vikwazo, chini ya utawala dhalimu wa walowezi. Sifa za ufundi hazisafishi siasa. Karibu na Kisumu kwenyewe, kiwanda kidogo zaidi cha Muhoroni kilijikita kwenye spiriti na hamira, kikafanya kazi.

Kisumu palibaki vyuma, na vyuma vikawa siasa. Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje na mbunge wa Kisumu, alikuwa miongoni mwa waliotaka kukifufua kiwanda kile. Alitoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990, mwili wake ukapatikana siku chache baadaye. Mpelelezi wa Uingereza aliyealikwa na serikali, John Troon, aliutaja mgogoro wa kiwanda cha molasi miongoni mwa mambo yaliyostahili kuchunguzwa kama sababu ya mauaji. Uchunguzi ulifuatwa na uchunguzi, na hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Kiwanda kiliuzwa baadaye, na katika miaka ya 2000 kikaanza kutoa spiriti. Ile sehemu ya asidi ya sitriki haikuwahi kuwaka.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya andiko la mradi lililonifikia mwaka jana kutoka ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, ikiniomba maoni. Ni mradi wa kutumia molasi na mabaki ya muhogo kutengeneza asidi za viwandani, mmojawapo ikiwa hii ya sitriki. Andiko lina kurasa nyingi nzuri kuhusu kuvu, mashamba na ajira za vijana. Usafishaji umepewa aya moja, na aya hiyo inasema mitambo itatolewa na mshirika wa kigeni. Sasa, kila tani ya asidi ya sitriki isafishwayo kwa njia ya chokaa huacha zaidi ya tani moja ya jasi iliyolowa. Inahitaji pia asidi ya salfuriki kwa wingi, na andiko halisemi itatoka wapi. Niliuliza kwa penseli pembeni mwa aya hiyo maswali matatu: jasi itakwenda wapi, salfuriki itanunuliwa kwa nani, na ni Mtanzania gani, kwa jina, atakayejua cha kufanya fuwele zitakapokataa kuota. Nililirudisha andiko kabla ya Pasaka. Wiki iliyopita nimepigiwa simu ya kualikwa kwenye uzinduzi, na nilipouliza kuhusu yale maandishi ya penseli, kijana aliyenipigia aliniambia kwa heshima kubwa kwamba nakala iliyochapishwa ni ile ya mwanzo.